Kutoka mchoro hadi shaba: programu za kuchonga bodi ya saketi, na kinachopotea kila faili linapobadilisha mikono

Bodi ya saketi ambayo haijaguswa ni kibao kilichogandishwa shaba upande mmoja au pande zote mbili. Shaba yenyewe kwa kawaida ina unene wa mikromita 35, yaani milimita 0.035. Kuichonga kwa mashine ya CNC, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta, ni kupitisha biti yenye ncha kali juu yake na kukwangua mifereji myembamba kuzunguka kila njia ya umeme, ili njia zitengane. Hakuna kemikali ya kula shaba, hakuna karatasi ya kuhamishia wino. Shaba inayobaki ndiyo nyaya za saketi yako.

Mashine za kazi hii zimekuwa ndogo kiasi cha kukaa juu ya meza. Kinachowashinda wengi ni programu. Ukiuliza utumie ipi, utatajiwa majina manne au matano kwa mkupuo, na yote yatakuwa sahihi, kwa sababu hakuna moja inayofanya kazi yote. Ipo ya kuchora saketi, ipo ya kugeuza mchoro kuwa safari za biti, ipo ya kutuma amri kwenye mashine, na ipo iliyokaa ndani ya mashine yenyewe. Mafaili hupita kutoka hii kwenda ile, na kila makabidhiano hupunguza kitu: programu inayopokea hujua machache kuliko iliyotangulia. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye fundo. Bodi nyingi huharibika kwenye makabidhiano, pale programu moja inapofanya kazi kana kwamba nyingine bado inajua jambo ambalo limeshatupwa.

Anayejua saketi ni mmoja tu

Tuanze na programu ya kuchorea. KiCad, programu huria iliyoanzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras na kupata nguvu mpya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ilipoanza kuichangia mwaka 2013, ndiyo ninayompendekezea yeyote anayeanza. EAGLE ya kampuni ya CadSoft ya Ujerumani ilitamba tangu 1988 hadi Autodesk ilipoinunua mwaka 2016; miradi mingi ya zamani bado iko katika muundo wake, na KiCad inaweza kuifungua.

Programu ya kuchorea inajua kitu ambacho hakuna nyingine itakayokijua baadaye: nani ameungana na nani. Inajua kwamba pedi hii (kipande cha shaba ambapo mguu wa kifaa hulehemiwa) ni ya volti 5, ile ni ya ardhi, na kwamba zikigusana saketi imekufa. Ukichora njia karibu mno na jirani yake, inakukatalia. Basi huu ndio wakati wa kuieleza kuhusu biti utakayotumia, hata kama kuchonga kwenyewe ni wiki ijayo. Mipangilio ya mwanzo ya nafasi kati ya njia na njia imewekwa kwa kuwafikiria viwanda vinavyotengeneza bodi kwa mwanga na kemikali, na milimita 0.2 kwao si tatizo. Kwa mashine ya mezani, nafasi hiyo ni ya kubahatisha. Fungua mipangilio ya bodi kabla ya kuchora njia hata moja na uweke nafasi ya angalau milimita 0.3, au 0.4 kama saketi inaruhusu, na njia zenye upana wa 0.4 au zaidi.

Ukifanya hivyo utaona mara moja mahali kunapobana. Chukua chipu ya kawaida yenye safu mbili za miguu inayopita kwenye matundu. Kutoka mguu hadi mguu ni milimita 2.54. Pedi ya duara yenye kipenyo cha 1.6 inaacha 0.94 kati ya pedi na pedi. Pitisha hapo njia ya 0.4, na kila upande utabakiwa na 0.27, ambayo haifiki 0.3 uliyoweka. Programu itakataa, nayo ina haki. Suluhisho ni kubadilisha pedi ziwe za mviringo mrefu, zenye upana wa 1.4 kuelekea jirani: sasa nafasi ni 1.14, na kila upande unapata 0.37. Dakika mbili za kubadilisha pedi hapa zinaokoa bodi nzima huko mbele, ambako hakuna programu itakayoweza kukuonya kwa namna hii.

Mambo mengine ya kuamua mapema yanatokana na kwamba bodi ya kuchongwa haina vitu viwili ambavyo ya kiwandani inavyo. Haina shaba ndani ya matundu, kwa hiyo tundu la kuunganisha upande wa juu na wa chini halitaunganisha chochote mpaka upitishe kipande cha waya na kukilehemu pande zote mbili. Usiliweke chini ya chipu. Na haina rangi ya kuzuia risasi ya kulehemu isisambae, hivyo nafasi pana hukusaidia tena wakati wa kulehemu. Kama saketi inaweza kukaa upande mmoja kwa kuongeza nyaya mbili tatu za kuruka, iache ikae upande mmoja.

Faili linalokumbuka maumbo na kusahau majina

Kutoka kwenye programu ya kuchorea hutoka mafaili ya Gerber. Jina ni la Joseph Gerber, mvumbuzi aliyezaliwa Vienna mwaka 1924 na kuhamia Marekani mwaka 1940. Kampuni yake ilitengeneza mashine zilizopiga mwanga kupitia tundu lenye umbo fulani hadi kwenye filamu, na faili lilikuwa orodha ya amri kwa mashine hiyo: chagua tundu, nenda hapa, washa mwanga, sogea hadi pale. Muundo uliandikwa rasmi mwaka 1980, ukapanuliwa mwaka 1998, na sasa unatunzwa na kampuni ya Ucamco ya Ubelgiji. Lugha yake bado ni ileile ya mwanga na filamu. Hili hapa faili zima la njia moja:

%FSLAX46Y46*%
%MOMM*%
%ADD10C,0.500000*%
D10*
X10000000Y20000000D02*
X15000000Y20000000D01*
M02*

Mstari wa kwanza unasema kila namba ina tarakimu hadi 4 kabla ya nukta na 6 baada yake. Wa pili unasema vipimo ni milimita. Wa tatu unatangaza tundu namba 10, la duara, kipenyo 0.5. Kisha: shika tundu 10, nenda kwenye X 10 Y 20 mwanga ukiwa umezimwa (D02), chora hadi X 15 mwanga ukiwa umewashwa (D01). Ungekuta D03, maana yake ni kupiga umbo mara moja mahali palepale, na ndivyo pedi nyingi zinavyochorwa.

Tazama kisichokuwepo. Hakuna neno lolote kwamba mstari huu ni wa volti 5. Ni umbo tu. Muundo ulioongezwa mwaka 2014 unaweza kubeba taarifa za ziada, lakini programu za kuchongea za mafundi wa nyumbani hutazama umbo. Kuanzia hapa, njia mbili zilizo karibu ni vipande viwili vya shaba basi, na hakuna anayejua kama zinapaswa kutengana au la.

Matundu husafiri peke yao katika faili la Excellon, na hapo kuna mtego wa zamani ambao bado unanasa watu. Katika muundo wa kale, namba ziliandikwa bila nukta na sifuri zisizohitajika ziliachwa, ama za mbele ama za nyuma. Chukua "0125" katika vipimo vya inchi vyenye tarakimu 2 kabla ya nukta na 4 baada yake. Kama zilizoachwa ni sifuri za nyuma, hiyo ni inchi 1.25, yaani milimita 31.75. Kama ni za mbele, ni inchi 0.0125, yaani milimita 0.3175. Tofauti ni mara 100. Ukiona matundu yote yamejikusanya kwenye kona moja ya skrini, au yametawanyika mbali na bodi, chanzo ni hiki. KiCad inakuruhusu kutoa faili lenye nukta. Chagua hilo na usahau mtego wenyewe.

La pili la kuchunga ni chanzo cha vipimo, ile pointi ya sifuri. KiCad isipoambiwa vinginevyo hupima kutoka kona ya ukurasa, na bodi yako inaweza kujikuta kwenye X 130. Weka pointi ya sifuri ya matundu kwenye kona ya chini kushoto ya bodi, kisha uhakikishe mafaili ya shaba na ya matundu yote yanatolewa kwa pointi hiyo. Moja likitumia pointi hiyo na lingine likitumia kona ya ukurasa, matundu yatakuwa sahihi kabisa kwa vipimo na yote yatakuwa nje ya pedi.

Programu ya CAM, ambako hukumu hutolewa

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji akae zaidi, kwa sababu hatua hii huonekana kama kubofya kitufe kumbe ndiyo inayoamua kila kitu. Programu ya CAM hupokea maumbo ya Gerber na kutoa safari za biti. Mbili zinatajwa zaidi. FlatCAM iliandikwa na Juan Pablo Caram kwa lugha ya Python, nayo ina madirisha, picha na vitufe. pcb2gcode haina dirisha. Unaiendesha kwa kuandika amri, na mipangilio yako yote hukaa katika faili dogo la maandishi liitwalo millproject. Anayeanza aanze na FlatCAM kwa sababu anaona anachofanya. Ukishakuwa na mashine yako na biti zako ulizozizoea, pcb2gcode inakupa kitu adimu: bodi ya leo inatoka kwa mipangilio ileile ya bodi ya mwezi uliopita, bila kukumbuka ulijaza nini kwenye kisanduku gani.

Hesabu ya kutenganisha njia ni rahisi kueleza. Programu huchukua kila umbo la shaba na kulinenepesha pande zote kwa nusu ya kipenyo cha biti. Mpaka wa umbo lililonenepeshwa ndiyo safari ya katikati ya biti. Biti ikipita hapo, ukingo wake unagusa mpaka wa shaba bila kuila.

Sasa fikiria pedi mbili zilizoachana kwa milimita 0.25, na wewe umeiambia programu kwamba biti ina kipenyo cha 0.3. Kila pedi inanenepeshwa kwa 0.15. Jumla ni 0.3, kubwa kuliko nafasi iliyopo, kwa hiyo maumbo mawili yanapandana na kuwa umbo moja. Mpaka wa umbo moja unapita nje, ukizunguka zote mbili. Kati yake hakuna mstari wowote. Mashine itachonga vizuri sana, na pedi mbili zitabaki zimeshikana.

Kihesabu, programu haikukosea popote. Haikujua kwamba hizo ni pedi za neti mbili tofauti (neti ni kundi la pedi zinazopaswa kuungana kwa umeme), maana majina yalishatupwa kwenye Gerber. Matoleo mapya ya FlatCAM yana kisanduku cha kukagua kama kipenyo ulichotoa kinatosha kutenganisha maumbo yote, kiwashe daima. Hata hivyo, hakuna kinachoshinda kukuza picha na kupita kwa jicho penye chipu na viunganishi, ukitafuta mstari katika kila nafasi.

pcb2gcode ina njia nyingine ya kufikiri. Badala ya kufuata ukingo wa shaba, inaweza kugawa bodi nzima kwa mistari inayopita katikati kabisa kati ya umbo na umbo. Kwa njia hii mstari wa kutenganisha haupotei hata nafasi ikiwa finyu. Kinachoumia ni upana wa njia, maana biti pana italamba shaba ya pande zote mbili. Bodi huchongwa haraka na shaba nyingi hubaki. Kwa upande mwingine, kila mahali hubaki mfereji mmoja tu mwembamba, na risasi ya mkono usio mtulivu wa kulehemu itauruka. Kwa saketi zenye mawimbi ya kasi, shaba hiyo ya ziada iliyobaki imeshikamana na kila njia si jirani mwema. Mimi hupendelea kufuata ukingo, kwa mizunguko miwili au mitatu inayopandana kidogo, ili mfereji upanuke na vinyuzi vya shaba vilivyokatika nusu viondoke.

Biti ya V na kipenyo chake kisichotulia

Nimesema "kipenyo cha biti" kana kwamba ni namba moja. Kwa biti ya ncha ya V, ambayo ndiyo wengi hutumia, si hivyo. Upana wa mfereji ni upana wa ncha, jumlisha mara mbili ya kina, mara tanjenti ya nusu ya pembe. Biti ya nyuzi 30 yenye ncha ya 0.1, ikizama 0.1, hukata mfereji wa 0.154. Ikizama 0.2, hukata 0.207. Ya nyuzi 60 yenye ncha ileile inakata 0.215 kwa kina cha 0.1, na 0.331 kwa kina cha 0.2.

Namba hizo zinasema mengi. Kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita katika kina linaipanua biti ya nyuzi 30 kwa takriban 0.05, lakini biti ya nyuzi 60 kwa karibu 0.12. Biti kali ya pembe ndogo husamehe makosa ya kina. Ila ncha yake ni dhaifu na huvunjika kwa kuguswa vibaya mara moja. Kwa saketi za kawaida, nyuzi 30 ni mahali pazuri pa kusimama.

Ukiidanganya programu kwamba biti ni 0.1 wakati kwa kweli inakata 0.2, kila njia italiwa 0.05 kila upande, na njia ya 0.25 itabaki 0.15. Ukiiambia 0.3 wakati ni 0.2, njia zitanenepa, na baya zaidi, nafasi ambazo biti ingepita vizuri zitafungwa kwenye hesabu. Kwa hiyo kabla ya kuamini namba iliyoandikwa kwenye kasha la biti, chonga mistari michache kwenye kipande cha shaba kwa kina utakachotumia, ipime kwa kioo cha kukuzia chenye vipimo, na ujaze namba uliyoiona. Rudia biti inapochakaa. Kibao cha nyuzi za kioo na resini, kiitwacho FR-4, hula ncha haraka na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Cha karatasi na resini, FR-1, ni laini kwa biti na kinachongeka kwa usafi. Vyovyote iwavyo, vaa barakoa ya vumbi laini na weka mdomo wa mashine ya kufyonza karibu na biti.

Uongo mmoja nauruhusu, tena wa makusudi: kama kuna sehemu moja tu iliyobana, kutaja kipenyo kidogo kidogo kuliko halisi kutalazimisha mstari upite hapo, kwa gharama ya njia kukonda kidogo. Hakikisha njia zako zina shaba ya kupoteza.

Kabla ya kutoka kwenye CAM, geuza upande wa chini. Vifaa vyenye miguu hukaa juu na shaba iko chini, na unapolaza bodi shaba ikutazame, picha imepinduka kama kwenye kioo. Pindua shaba na matundu kwa mhimili uleule. Kwa bodi ya pande mbili, FlatCAM ina zana ya kutengeneza matundu ya kulinganishia: yatoboe kwanza, hadi ndani ya ubao wa chini, weka pini, chonga upande mmoja, geuza bodi juu ya pini hizohizo.

Kodi za G na kidhibiti kisichouliza maswali

CAM hutoa kodi za G, na hapo hata maumbo yanakuwa yametoweka. Kinachobaki ni mwendo:

G21
G90
M3 S10000
G0 Z2
G0 X9.6 Y19.7
G1 Z-0.1 F60
G1 X15.4 F150
G0 Z2
M5

Milimita, vipimo kutoka sifuri, zungusha biti, inua, nenda, zama polepole, kata, inua, simamisha. Amri hizi hupokelewa na GRBL, programu iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud mwaka 2009 na kuendelezwa kwa miaka mingi na Sungeun Jeon, inayoendesha mashine ndogo nyingi kutoka ndani ya Arduino Uno, bodi ndogo ya kudhibiti vifaa. Chipu ya Uno ina kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi, na GRBL hutenga baiti 128 kwa amri zinazoingia. Kwa hiyo haiwezi kulipokea faili zima. Programu ya kutuma iliyoko kwenye kompyuta, kama bCNC, Candle au Universal Gcode Sender, hudondosha mistari kidogo kidogo, ikihesabu herufi ili nafasi hiyo ya baiti 128 isifurike wala isikauke. Kompyuta ikilala usingizi katikati ya kazi, biti husimama ndani ya shaba. Zima usingizi wa kompyuta.

Udogo huo pia ndio sababu GRBL haijui baadhi ya amri. M6 ya kubadilisha biti haiko. G81 ya kutoboa haiko. Kwenye CAM chagua kwamba faili ni la GRBL, na utoe faili moja kwa kila biti: la kuchonga, moja kwa kila ukubwa wa tundu, na la kukata ukingo. Ukingo ukatwe mwisho, kwa biti ya milimita 1 hadi 2, kwa matabaka ya takriban nusu milimita mpaka kupita unene wa 1.6, na uache vishikizo vidogo ili bodi isifyatuke biti ikiwa inazunguka.

Ramani ya miinuko

Turudi kwenye namba ya kwanza: shaba ni 0.035. Kibao kilichobanwa pembeni kinaweza kubetuka katikati kwa mara kumi ya hapo. Faili linasema Z-0.1 kila mahali, kana kwamba bodi ni tambarare kabisa. Upande mmoja biti itapita hewani bila kugusa shaba, upande mwingine itazama 0.3 na kuila njia.

Programu za kutuma zimepata jawabu zuri sana. Banisha waya mmoja kwenye biti na mwingine kwenye shaba, uunganishe na pini ya kipimo, ambayo kwenye Uno ni A5. Amri G38.2 inashusha biti taratibu mpaka iguse shaba na kufunga mkondo, na GRBL hurekodi urefu. bCNC, Candle na OpenCNCPilot hufanya hivyo katika gridi, tuseme kila milimita 5 hadi 10, kisha hukadiria urefu wa kila pointi iliyo kati na kuurekebisha mstari wa kodi kabla ya kuutuma. Kabla ya kuanza, gusisha waya kwa mkono na utazame hali ya mashine: GRBL 1.1 itaonyesha Pn:P. Isipoonyesha, usibonyeze chochote, maana biti itashuka ikitafuta mguso ambao hautasikika, na itavunjika.

Mambo mawili hayasemwi vya kutosha. Mstari wa milimita 40 una ncha mbili tu, na ukirekebishwa kwenye ncha, katikati unabaki ulivyo. Programu lazima iukate vipande vifupi kwanza, na vivyo hivyo kwa mapinde. Nyingi hufanya hivyo zenyewe, lakini urefu wa vipande ni mpangilio wa kuutazama. La pili ni kubadilisha biti. Ramani inapima tofauti kati ya pointi na pointi, kwa hiyo biti mpya haiifuti. Unachohitaji ni kutafuta sifuri ya Z upya, tena palepale ulipoitafuta mara ya kwanza. Ukiitafuta kwingine, umehamisha ramani nzima juu au chini.

Na ramani isitumike kufidia uvivu. Lainisha ubao wa chini kwa mashine yenyewe mara moja, gandisha bodi kwa utepe wa pande mbili kwenye eneo lote badala ya kuibana kwenye kona, kisha pima. Ramani inayorekebisha 0.05 ni sahihi kuliko inayorekebisha 0.4.

Kusoma bodi iliyotoka

Kazi ikiisha, fungua KiCad tena, bofya neti moja baada ya nyingine ziwake kwenye skrini, na uzifuate kwa multimita: kila neti iwe nzima, na isisikike kwa jirani. Programu ya kuchorea ndiyo pekee yenye majibu, kwa hiyo ipe nafasi ya kuyatoa.

Makosa yenyewe husema yalikotoka. Mifereji isiyokamilika upande mmoja wa bodi, na mizuri upande mwingine, ni suala la miinuko. Mshikamano mahali pote penye nafasi finyu, na hakuna kwingine, ni kipenyo ulichokitaja kwenye CAM. Njia zilizokonda kwa usawa bodi nzima ni biti iliyozama zaidi au iliyochakaa. Mshikamano mmoja mahali pamoja mara nyingi ni unyuzi wa shaba. Pitisha kisu kikali na upime tena. Matundu yaliyohama yote kwa kiasi kilekile ni pointi ya sifuri isiyolingana. Yakiwa sahihi kona moja na kuzidi kukosea kadiri unavyokwenda mbali, hesabu ya hatua kwa milimita ndani ya GRBL haiko sawa: chora mstari wa milimita 100, upime, na urekebishe $100 kwa X na $101 kwa Y. Yakiwa yameangukia pedi zisizo zake kwa mpangilio uliopinduka, ulipindua shaba ukasahau matundu.